Meseji za 2008: nambari uliyoiona haikuwa ya mtungaji

Wasomaji, leo tuache mambo ya kuandika programu kidogo, tuongee historia. Kila uchaguzi ukikaribia, huku kwetu Nakuru meseji za ajabu huanza kuzunguka, na husikia watu wakisema anayeziamini ni mjinga. Mimi sikubali. Turudi nyuma.

Tarehe 30 Desemba 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa urais, akaapishwa jioni hiyo hiyo. Siku hiyo pia serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia zikalipuka Bonde la Ufa na kwingineko. Sasa fikiria uko Kaptembwo, hujui kinachoendelea mtaa wa pili, na meseji inaingia: leo usiku mnavamiwa, waambie wenzako. Ungefanya nini?

Hapa ndipo ufundi unapoingia. SMS moja ni herufi 160 tu. Ukiisambaza, simu yako hutuma ujumbe mpya wenye nambari yako, na nambari ya aliyekutumia haiendi nao. Shangazi akiipata kutoka kwa mjomba, kwenye kioo anaona jina la mjomba. Uongo wa mtu asiyejulikana unamfikia ukiwa na jina la mtu anayemwamini. Zamani hata fununu za mumiani zilipita mdomo kwa mdomo, lakini ungeweza kumshika msemaji umuulize: nani kakwambia?

Na hofu ilikuwa na msingi. Mwishoni mwa Januari 2008 mapigano yalifika Nakuru mjini, na tarehe 27 huko Naivasha watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Sisemi meseji ndizo zilizoua. Ugomvi wa ardhi na siasa ulikuwepo tangu mapigano ya miaka ya 1990. Lakini kwa mtu ambaye ndugu zake wamechomewa nyumba kweli, onyo la uongo halina tofauti na la kweli. Akishika panga kujihami, jirani naye humwona na kushika lake.

Serikali ilifikiria kuzima SMS kabisa. Safaricom iliishawishi isizime, ikatuma ujumbe wa amani kwa wateja wake wote, kama milioni 9. Naona ilikuwa sawa, kwa sababu kuzima kungezuia pia zile meseji za "tuko salama". Mwezi huo huo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi, tovuti iliyoweka taarifa za wananchi kwenye ramani. Kazi yao ngumu ilikuwa ile ile: kutenganisha zilizothibitishwa na zile ambazo bado.

Mwaka 2018 WhatsApp iliweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na 2020 ikapunguza kasi ya ule uliosambazwa mara nyingi. Ni hatua nzuri, ila alama hiyo haikuambii nani aliutunga. Kwa hiyo mjomba akikutumia onyo, mpigie simu. Muulize ameona kwa macho yake, au naye ametumiwa?