Casablanca 1958: Pointi moja iliyoamua bingwa wa dunia

Msimu wa langalanga wa mwaka 1958 ulimalizikia Afrika. Jumapili ya tarehe 19 Oktoba, magari ya kiti kimoja yenye kasi kuliko yote ya zama hizo yalipangwa kwenye barabara za Ain-Diab, kando ya Bahari ya Atlantiki jijini Casablanca, na Mfalme Mohammed wa Tano akiwa miongoni mwa watazamaji. Morocco ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Waingereza wawili, Mike Hawthorn wa Ferrari na Stirling Moss wa Vanwall, ndio pekee waliokuwa wamebaki kuwania ubingwa wa dunia. Jioni ikifika, mmoja wao angekuwa Mwingereza wa kwanza kulitwaa taji hilo.

Moss alishinda mbio zile. Bingwa akawa Hawthorn. Walitofautiana kwa pointi moja, na ukiitafuta pointi hiyo ilikopotelea, utaikuta kwenye kisa cha uungwana ambacho kila mpenzi wa michezo anastahili kukijua.

Hesabu ilivyokaa

Kwa kanuni za wakati ule, mshindi alipata pointi 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3 na wa tano 2. Dereva aliyeweka muda bora wa mzunguko mmoja aliongezewa pointi 1. Isitoshe, si matokeo yote yaliyohesabiwa: kila dereva alichukuliwa matokeo yake 6 mazuri zaidi, mengine yakatupwa.

Hawthorn alifika Casablanca akiwa na pointi 40, Moss akiwa na 32. Moss hakuwa na njia nyingi. Ilimbidi ashinde mbio na pia aweke mzunguko wa kasi zaidi ili avune pointi zote 9 na kufikisha 41. Hawthorn yeye alihitaji kumaliza wa pili tu. Nafasi ya tatu isingemfaa chochote, kwa sababu pointi zake 4 zingechukua mahali pa pointi 4 alizozipata Argentina mwanzoni mwa msimu, naye angebaki palepale kwenye 40. Nafasi ya pili ingempa 6 badala ya zile 4, na kumfikisha 42.

Kwa ushindi wa mbio, wawili hao hawakulingana hata kidogo. Moss alikuwa ameshashinda Argentina, Uholanzi na Ureno. Hawthorn alikuwa ameshinda mara moja tu, kule Reims nchini Ufaransa. Lakini Hawthorn alikuwa mtu wa kumaliza safari. Gari la Moss likisimama njiani, kama lilivyofanya Monaco, Ubelgiji, Uingereza, Ujerumani na Italia, Hawthorn alikuwa akiokota pointi za nafasi ya pili na za mzunguko wa kasi.

Ushahidi wa Porto

Tarehe 24 Agosti, wiki nane kabla ya Casablanca, mbio zilifanyika kwenye mitaa ya jiji la Porto, Ureno. Moss aliongoza hadi mwisho. Hawthorn alikuwa wa pili, lakini katika mzunguko wa mwisho gari lake liliteleza, likatoka njiani na injini ikazimika. Alishuka akahangaika kulisukuma liwake. Moss, aliyekuwa ameshapokea bendera ya ushindi na sasa anakwenda taratibu, alipomfikia alimpigia kelele alielekeze mteremkoni. Hawthorn akafanya hivyo, injini ikawaka, akarudi mashindanoni na kuilinda nafasi yake.

Waamuzi wakataka kumfuta kwenye matokeo. Hoja yao ilikuwa kwamba aliendesha kinyume na mwelekeo wa mbio, kosa ambalo kanuni haikulisamehe. Aliyekwenda kumtetea ni Moss, hasimu wake. Aliwaeleza waamuzi kile alichokiona: wakati gari likisukumwa kuelekea upande usio wake, lilikuwa juu ya njia ya waendao kwa miguu, nje ya barabara ya mashindano. Waamuzi wakauridhia ushahidi wake na Hawthorn akarudishiwa pointi zake 7, yaani 6 za nafasi ya pili na 1 ya mzunguko wa kasi.

Ziondoe pointi hizo 7 kwenye hesabu ya mwisho ya msimu na Hawthorn anashuka hadi 39. Moss, kwa 41 zake, anakuwa bingwa wa dunia.

Siku hiyohiyo ya Porto lilitokea jambo jingine dogo. Hawthorn alipoweka muda bora wa mzunguko, mafundi wa Vanwall walimwinulia Moss ubao wenye maandishi ya mkato, HAWT REC, kumjulisha kwamba mwenzake ameweka rekodi. Akipita kwa kasi, Moss akaisoma herufi ya mwisho kuwa G, akaelewa kwamba Hawthorn anakwenda mwendo wake wa kawaida. Hakuona sababu ya kuongeza mwendo. Kama angeisoma vizuri na kuichukua pointi ile, angemaliza msimu na 42, Hawthorn na 41.

Msimu wa misiba

Mbio za mwaka ule hazikuwa za magari na hesabu peke yake. Tarehe 6 Julai, katika mbio zilezile za Reims ambazo Hawthorn alizishinda, mwenzake wa Ferrari, Mwitalia Luigi Musso, alipata ajali akafariki. Tarehe 3 Agosti, kwenye milima ya Nürburgring nchini Ujerumani, Peter Collins alitoka njiani akimfukuza Tony Brooks wa Vanwall. Collins alikuwa rafiki wa karibu sana wa Hawthorn, na Hawthorn alikuwa nyuma yake, akaiona ajali kwa macho yake. Collins alifariki siku hiyo.

Kwa hiyo dereva aliyeshuka Casablanca akihitaji nafasi ya pili alikuwa mtu aliyewazika wenzake wawili ndani ya msimu mmoja. Ferrari iliyopewa namba 2, namba ambayo Musso na Collins walikuwa wameibeba siku za vifo vyao, hakutaka kuiendesha. Alibadilishana na Mbelgiji Olivier Gendebien na kuchukua namba 6.

Upande wa pili alikuwapo Tony Vandervell, tajiri wa Kiingereza aliyejipatia fedha kwa kutengeneza beringi za injini. Vanwall ilikuwa timu yake, na shauku yake kubwa ilikuwa kuyapiga yale magari mekundu ya Italia. Alimchukua Colin Chapman kumsanifia fremu na Frank Costin kumchorea bodi ya kupasua upepo. Mwaka 1958 alipanga madereva watatu wa Kiingereza: Moss, Brooks, na Stuart Lewis-Evans, kijana mwembamba mwenye umri wa miaka 28. Ferrari ilimjibu kwa Dino 246 yenye injini ya silinda sita.

Mizunguko 53

Njia ya Ain-Diab ilikuwa na urefu wa kilomita 7.6. Ilitumia barabara ya ufukweni na barabara kuu ya kuelekea Azemmour, na ilikuwa imetayarishwa kwa muda mfupi mwaka 1957. Mwaka huohuo ilifanyiwa mbio za majaribio zisizo za ubingwa, ambazo Mfaransa Jean Behra alizishinda kwa Maserati. Safari hii zilikuwa mbio za ubingwa wa dunia kamili, mizunguko 53, jumla ya zaidi ya kilomita 400.

Hawthorn ndiye aliyekuwa na muda bora siku za kufuzu. Bendera iliposhuka, Moss hakungoja. Alishika uongozi mapema na kuanza kukimbia kana kwamba yuko peke yake barabarani. Ferrari ilimtuma Mmarekani Phil Hill amsumbue, kwa matumaini kwamba gari la Vanwall lingechoka kwa kulazimishwa mwendo. Moss hakuchokozeka. Hata alipogongana na Maserati ya Wolfgang Seidel wakati akimzidi mzunguko mzima, na pua ya gari lake kubonyea, aliendelea bila kupunguza kasi. Alikuwa ameshatimiza nusu ya kazi yake, na mzunguko wa kasi aliuweka pia: dakika 2 na sekunde 22.5.

Kilichobaki hakikuwa mikononi mwake. Ilimpasa Brooks au Lewis-Evans aingie kati yake na Hawthorn. Brooks alijaribu kwa nguvu zote, akapambana na Hawthorn na kumpita, lakini mbio zilipovuka nusu injini yake ikafa. Mbele ya Hawthorn akabaki Phil Hill katika nafasi ya pili, naye alikuwa wa timu moja naye. Ferrari wakamtolea ishara, Hill akapunguza mwendo, Hawthorn akaachiwa njia.

Ndipo likaja pigo la siku. Mbio zikiwa zimebakiza mizunguko kumi na kitu, injini ya Lewis-Evans ilinoki, magurudumu yakagoma, gari likateleza na kutoka barabarani. Mafuta yakamwagika na kushika moto. Aliruka kutoka ndani ya gari nguo zikimuwakia mwilini. Enzi zile madereva walivaa nguo za kawaida zisizo na kinga ya moto, na mpaka msaada ulipomfikia alikuwa ameungua vibaya sana.

Moss alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 15. Hawthorn alifika zaidi ya sekunde 80 baadaye, wa pili. Hill akawa wa tatu. Hesabu ikafungwa: Hawthorn 42, Moss 41. Moss alikuwa ameshinda mbio 4 msimu ule, bingwa 1.

Baada ya bendera

Vandervell alimrudisha Lewis-Evans Uingereza kwa ndege. Alilazwa East Grinstead, kwenye hospitali iliyosifika kwa kutibu majeraha ya moto tangu Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 25 Oktoba, siku 6 baada ya mbio, akafariki. Vanwall ndiyo iliyotwaa kombe la kwanza kabisa la watengenezaji wa magari, ikiishinda Ferrari kwa pointi 48 dhidi ya 40, yaani lile alilolitafuta Vandervell kwa miaka mingi. Hakulifurahia. Afya yake ilikuwa imedhoofika na kifo cha kijana wake kilimwelemea. Januari 1959 alitangaza kuiondoa timu mashindanoni. Meneja wa Lewis-Evans, Bernie Ecclestone, alijiweka kando ya mchezo kwa miaka kadhaa. Baadaye alirudi, na ndiye aliyekuja kuushika uchumi wote wa langalanga kwa miongo mingi.

Hawthorn, naye, baada ya kutawazwa alitangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 29. Tarehe 22 Januari 1959 alikuwa akiendesha Jaguar yake kwenye barabara ya kawaida karibu na mji wa Guildford, gari likamshinda na akafariki papo hapo. Alikuwa bingwa kwa miezi mitatu tu.

Moss aliishi hadi tarehe 12 Aprili 2020. Alimaliza wa pili katika ubingwa wa dunia miaka minne mfululizo, 1955 hadi 1958, kisha wa tatu miaka mitatu iliyofuata, hadi ajali ya Goodwood ya Aprili 1962 ilipokatisha maisha yake ya mashindano. Alishinda mbio 16 za ubingwa na hakuwahi kuwa bingwa. Ushahidi alioutoa Porto hakuukana kamwe. Kwake yeye, alisema alichokiona, na mtu hapokonywi pointi kwa kosa ambalo hakulitenda.

Afrika katika kumbukumbu hii

Mbio za ubingwa hazikurudi tena Morocco. Lakini Casablanca haikuwa mara ya mwisho kwa bara letu kuamua taji. Tarehe 29 Desemba 1962, mjini East London, Afrika Kusini, Graham Hill alitwaa ubingwa baada ya gari la Jim Clark, aliyekuwa akiongoza, kuvujisha oili na kusimama. Mwaka 1983, kwenye uwanja wa Kyalami, Mbrazili Nelson Piquet alimpokonya Alain Prost taji siku ya mwisho ya msimu. Tangu mbio za Kyalami za 1993, hapajawahi kufanyika tena mbio za langalanga za ubingwa katika ardhi ya Afrika.

Desemba 2024, viongozi wa shirikisho la kimataifa la mbio za magari walipokutana Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio hizo. Hatua hiyo inastahili kuungwa mkono, na siku itakapofika, iwe Kigali au kwingineko, tusikubali kuambiwa kwamba Afrika inaanza kujifunza. Bingwa wa dunia alishapatikana hapa mwaka 1958. Tulichukue kutoka Casablanca lililo la kuchukuliwa: wazima moto na madaktari wawekwe mahali pao kabla ya majukwaa ya wageni kujengwa, maana taji la siku ile lililipiwa kwa uhai wa Lewis-Evans. Na walimu wa michezo, kuanzia Kigali hadi Mombasa na Dar es Salaam, wawasimulie vijana habari za Porto. Jina la Hawthorn ndilo lililoandikwa kwenye orodha ya mabingwa, na kwa kanuni alistahili. Aliyeliwezesha kuandikwa pale ni Moss, kwa kusema kweli mbele ya waamuzi ilhali kukaa kimya kungempa ubingwa.