Mlisoma Erica Jong Mkaishia Katikati

Kuna vitabu watu huvitaja kwa sababu ya jambo moja, na ukiwauliza viliishaje wanakutolea macho. Kwangu kinara ni Fear of Flying cha Erica Jong, kilichotoka Marekani mwaka wa 1973.

Jong alianza kama mshairi; diwani yake ya Fruits & Vegetables ilitoka 1971. Isadora Wing, mhusika mkuu wa riwaya, naye ni mshairi. Anaandamana na mumewe, daktari wa akili, kwenda kongamano Vienna. Huko anamtamani Mwingereza mmoja, Adrian, hadi anamwacha mume na kuzunguka Ulaya na huyo jamaa kwa gari. (Adrian mwenyewe mdomo mrefu, kitandani mara nyingi mambo hayaendi. Nilicheka sana.)

John Updike alikisifu kwenye The New Yorker, Paul Theroux akakiponda vibaya, na nakala zikauzwa kwa mamilioni.

Sasa msiniambie kabla ya hapo wanawake walikuwa kimya. Pwani yetu, somo humfunza mwari mambo ya chumbani bila kuuma maneno, na nyimbo za unyago hazifichi kitu. Lakini hapo mlango umefungwa na wanaume wako nje. Jong aliuacha wazi, akaweka na jina lake juu ya jalada.

Kilichobaki vichwani mwa watu ni ile ndoto ya Isadora: kukutana na mwanamume asiyemjua, ndani ya treni, walale pamoja bila majina, bila maelezo, bila mtu kudai chochote baadaye. Basi wengi wakaamua hicho ni kitabu cha kuhimiza umalaya. Kumbe hawakufika mwisho!

Mwishoni Adrian anamtelekeza Paris, kwa sababu ameshapanga kwenda kwa watoto wake. Isadora anapanda treni peke yake. Mhudumu anamsaidia mizigo, anamtafutia behewa tupu, kisha anamtia mkono katikati ya mapaja. Mgeni kabisa, treni, hakuna jina: ndoto yake yote iko hapo. Na anachohisi ni kinyaa. Anatoka mbio kwenda kukaa penye watu.

Mimi hapo nilifunga kitabu kwanza. Ni mara ngapi tumesikia hapa Kenya msichana akidhulumiwa, halafu mtu anauliza, "Si alikuwa anapenda hayo mambo? Si huwa anayaongea?" Jong aliandika jibu kabla mimi sijazaliwa. Isadora anayapenda hayo mambo, ameyaongea kurasa nzima bila aibu. Lakini yule mgeni wa ndotoni ni yeye aliyemtunga, na anaweza kumfuta akitaka. Yule wa treni alikuja na mkono wake mwenyewe, na hakuuliza.