Ziwa Moja au Matatu?

Labda wewe, mwanafunzi, hujiuliza jiografia yafaa nini. Basi sikiliza. Wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokaa Rabai karibu na Mombasa, waliwauliza wasafiri wa misafara habari za bara. Wengi walitaja maji makuu; Erhardt akayaunganisha, na ramani iliyotangazwa mwaka 1856 ikaonyesha ziwa moja kubwa mno. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika, kisha Speke akaiona Nyanza. Mwaka 1859 Livingstone akafika Nyasa. Kumbe ni maziwa matatu! Wasafiri hawakusema uongo. Kosa lilikuwa kuunganisha pasipo kupima. Nawe, ushikapo ramani, tenga kilichopimwa na kilichodhaniwa. Asiyejua kuyatenga hayo hupotea hata mchana.