Maua ya Erwin: sahani zilizochorwa na wanawake wa milimani

Chukua sahani mbili za chapa ya Blue Ridge zenye ua la aina moja, uziweke pamoja mezani. Utaona shina la hii limepinda zaidi, jani la ile limenenepa, na petali moja imefifia pale brashi ilipoanza kuishiwa rangi. Tofauti hizo ndizo zinazowafanya wakusanyaji wa vyombo vya kale nchini Marekani wazisake sahani hizi minadani na kwenye masoko ya vitu vilivyotumika, ingawa kiwanda kilichozitengeneza kilifungwa mwaka 1957.

Kiwanda hicho, Southern Potteries, kilikuwa Erwin, mji mdogo wa bondeni, mashariki mwa jimbo la Tennessee. Kilizaliwa na reli. Kampuni ya reli ya Clinchfield, iliyosafirisha makaa ya mawe kuvuka milima ya eneo hilo, ilitaka viwanda kandokando ya njia yake ili ipate mizigo zaidi. Udongo mweupe wa ufinyanzi nao haukuwa mbali, ng'ambo ya mpaka wa North Carolina. Uzalishaji ulianza mwaka 1917, na vyombo vya miaka ile ya mwanzo vilikuwa vya kawaida tu: picha za kubandika na mstari wa dhahabu ukingoni, kama walivyofanya wengine wengi.

Mambo yalibadilika baada ya Charles Foreman kukinunua kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1920. Aliamua maua yachorwe kwa mkono, na wachoraji akawatafuta palepale: wanawake na mabinti wa vijiji vya jirani, wengi wao wasiowahi kusomea sanaa popote. Walifundishwa kazini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, maua ya mkono ndiyo yaliyokuwa utambulisho wa kiwanda.

Kazi yenyewe haikuwa na huruma. Sahani iliyochomwa mara ya kwanza, kabla ya kupakwa mng'arisho, ina kiu kama ukuta mpya wa chokaa. Rangi ikigusa tu, imeshanyonywa. Hakuna kufuta. Ndiyo maana petali nyingi za Blue Ridge ni mkandamizo mmoja wa brashi: inalazwa, inavutwa, inainuliwa. Mara nyingi sahani moja ilipita mikononi mwa wachoraji kadhaa, huyu akichora mashina na majani, yule maua, mwingine ukingo. Kisha ilichovywa kwenye mng'arisho na kurudishwa tanurini, na ua likabaki chini ya tabaka linalofanana na kioo, lisikwaruzwe na kisu wala uma.

Vita Kuu ya Pili ilikifungulia kiwanda soko. Vyombo kutoka Japani na Ulaya viliadimika, maduka ya Marekani yakageukia wazalishaji wa nyumbani, na kiwanda cha Erwin kikawa na wafanyakazi zaidi ya 1,000. Mitindo ya maua ilifika maelfu. Hakuna kabati litakaloitosha yote, na kwa mkusanyaji hiyo ndiyo raha yenyewe.

Amani iliporudi, bidhaa za bei nafuu kutoka Japani zilirudi nayo, na vyombo vya plastiki visivyovunjika vikaingia jikoni. Kazi ya mkono ilikuwa ghali mno kushindana navyo. Januari 1957 wenye hisa walipiga kura ya kukifunga kiwanda.

Leo bei hupangwa kwa uhaba. Buli, majagi na sahani chache za mapambo zilizotiwa saini na mchoraji huuzwa ghali kuliko sahani za kulia chakula. Mimi naona mpangilio huo una dhuluma ndani yake. Saini zilikuwa chache kwa sababu wanawake wengi hawakupewa nafasi ya kuandika majina yao, si kwa sababu mikono yao ilikuwa dhaifu. Sahani ya kawaida, iliyolisha familia miaka mingi, imebeba ustadi uleule.

Ukitaka kununua sahani, igeuze kwanza. Vyombo vingi vina mhuri wa Blue Ridge nyuma, lakini visivyo na mhuri navyo ni vingi, kwa hiyo usimkatae yatima kwa kukosa cheti. Tazama alama za brashi. Pitisha kidole ukingoni kutafuta palipomeguka, kisha igonge taratibu kwa ukucha: yenye ufa haitoi mlio safi. Na usiipakulie chakula kila siku. Vyombo hivi vilitengenezwa kabla Marekani haijaweka viwango vya madini ya risasi kwenye vyombo vya udongo, katika miaka ya 1970. Itundike ukutani, mahali wageni watakapoiona, nao wakiuliza, waambie ilichorwa na wanawake wa Erwin.