Upungufu wa Vitamini B na Jina la Kwanza la Ugonjwa

Mnamo Julai 2009 Shirika la Afya Duniani liliarifiwa kuhusu ugonjwa usiojulikana uliokuwa ukiwaangusha askari wa Umoja wa Afrika mjini Mogadishu. Miguu ilivimba, pumzi zikabana, moyo ukaenda mbio, na wengine wakapata homa. Wagonjwa wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Vipimo vya awali vya damu, vya maambukizi na vya sumu havikuonyesha kitu. Kufikia Mei 2010 walikuwa wamehesabiwa askari 241, na 4 kati yao walifariki. Njia ilifunguliwa na swali la chakula: ugonjwa uliambatana na kula posho ya jeshi peke yake, bila kuongezea chochote cha kununua mitaani. Wagonjwa walipopewa thiamini, yaani vitamini B1, walipata nafuu kwa kasi ya kushangaza. Ilikuwa beriberi. Damu iliyochukuliwa kwa wagonjwa 16 kabla ya tiba ilikuja kuthibitisha hivyo.

Kisa hicho kinabeba hoja ninayoitetea hapa. Dalili za upungufu wa vitamini B mara nyingi ziko wazi machoni mwa tabibu, lakini kila moja ina jina jingine linalotosheleza kliniki yenye foleni ndefu. Miguu iliyovimba ni moyo au figo. Ganzi ni sukari. Kuchanganyikiwa ni pombe au malaria, na ngozi iliyozidi kuwa nyeusi ni jua. Majina hayo mara nyingi ni sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo: jina la kwanza likishaandikwa kwenye faili, maswali hukoma.

Swali linaloachwa mapema kuliko yote ni la chakula, na hata linapoulizwa huulizwa vibaya. "Unakula vizuri?" litajibiwa "ndiyo" na kila mgonjwa mwenye staha. Aulizwe alikula nini, na tangu lini. Akiba ya thiamini mwilini hudumu takriban wiki 2 hadi 3 tu. Mjamzito anayetapika mfululizo tangu mwezi uliopita yuko hatarini hata kama awali alikula samaki na kunde kila siku. Akiba ya asidi ya foliki huisha kwa miezi michache. B12 iliyohifadhiwa kwenye ini huweza kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo anayeugua leo huenda tumbo lake liliacha kuifyonza zamani mno, na mlo wa wiki hii hautaeleza chochote.

Tuchukue ganzi. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka mingi anasema nyayo zinawaka moto usiku na akitembea anahisi kama anakanyaga pamba. Karibu kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, atailaumu sukari. Lakini metformini hupunguza ufyonzwaji wa B12, na upungufu huo huharibu mishipa ya fahamu na uti wa mgongo kwa namna inayofanana sana na uharibifu wa sukari. Wengi husubiri upungufu wa damu ndipo waishuku B12. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1988 ulichunguza wagonjwa 141 wenye matatizo ya neva au ya akili yaliyotokana na upungufu wa B12. 40 kati yao hawakuwa na upungufu wa damu wala chembe nyekundu zilizokuwa kubwa kupita kawaida. Katika ukanda wetu, ambako ukosefu wa madini ya chuma hupunguza ukubwa wa chembe hizohizo, kipimo cha ukubwa kinaweza kusomeka sawasawa huku neva zikiendelea kufa.

Pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ina kikwazo chake. Vitabu vingi huieleza kwa wekundu wa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi tafuta weusi uliozidi, ukavu na magamba, pande zote mbili kwa ulinganifu, ukikatika ghafla pale nguo inapoanza: shingoni, nyuma ya mikono, juu ya miguu. Ulimi unaowaka, kuharisha na huzuni isiyo na sababu huweza kuja kabla au baada. Walaji wa ugali wa mahindi pekee wako hatarini, kwa kuwa niasini ya mahindi imefungwa na triptofani yake ni haba. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huongeza mzigo: huidhoofisha B6 inayohitajika kugeuza triptofani kuwa niasini. Nchini Malawi pelagra ilijitokeza upya baada ya dawa hiyo kusambazwa kwa wingi kuwakinga wanaoishi na VVU dhidi ya kifua kikuu.

Kosa huweza pia kwenda upande wa pili. Mwaka 1940 Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Uganda, aliandika juu ya "pelagra ya watoto" akieleza hali tunayoijua leo kama kwashakoo. Baadaye aliliacha jina hilo, naye akawa miongoni mwa walioueleza ugonjwa wenyewe kwa kina.

Palipo na haraka kuliko pote ni kwenye ubongo. Daktari Carl Wernicke alieleza mwaka 1881 dalili tatu za ugonjwa wa ubongo ambao sasa tunajua hutokana na ukosefu wa thiamini: macho kutotembea sawasawa, kuyumba, na kuchanganyikiwa. Wanafunzi hukariri zote tatu, kisha huzisubiri zote tatu. Uchunguzi wa Australia wa maiti 131 za watu waliokuwa na ugonjwa huo, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu waliokuwa nazo zote. Mtu aliyekonda, mnywaji sugu au mjamzito anayetapika, akianza kuweweseka, apewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu sukari huteketeza kiasi kidogo kilichobaki.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu: je, huku si kuhalalisha sindano nyekundu za vitamini zinazochomwa madukani kwa kila anayelalamika uchovu? Hapana. Dozi kubwa za B6 zikitumika muda mrefu zenyewe husababisha ganzi. Asidi ya foliki ikitolewa peke yake huweza kurekebisha damu ya mwenye upungufu wa B12 huku uti wa mgongo ukiendelea kuharibika. Ninachotetea ni tiba yenye swali ndani yake: damu ichukuliwe kwanza pale maabara ipo, dalili ziandikwe kabla ya dozi, na mgonjwa apewe tarehe ya kurudi. Aliyepewa thiamini akarudi baada ya siku chache na uvimbe uleule achunguzwe upya moyo na figo siku hiyohiyo.