Ngege wa Kalokol, Nila wa Toba

Ngege anayevuliwa Ziwa Turkana na samaki anayefugwa kwenye vizimba vya Ziwa Toba, huko Sumatra, ni wa spishi moja. Wetu yumo majini tangu kale. Wao walimpokea mwaka 1969, Indonesia ilipomleta kutoka Taiwan, wakamwita nila. Leo huuzwa hadi Marekani akiwa minofu. Ndugu yake wa Kalokol, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, hupasuliwa, akapakwa chumvi, akaanikwa juani hadi awe mgumu kama ubao, kisha akafungwa mafungu na kupakiwa kwenye lori. Lori hizo hupitia Lodwar, na harufu yake tunaijua sote wa mtaa wa Kanamkemer hapo mjini. Nyingine huendelea hadi Kitale. Nyingine huelekea Kakuma, ambako Wakongomani waliokimbia vita hawamwachi samaki mkavu.

Samaki ni yuleyule, na vijiji vya pande zote mbili viko kando ya ziwa, mbali na mji mkuu. Anayetaka kujua kijiji kama hicho kina mustakabali gani huanza kwa kuhesabu samaki. Mimi ningeanza kwa kuuliza pesa ya samaki huyo hugeuzwa kuwa nini.

Kwetu hugeuzwa kuwa mbuzi. Mvuvi wa Kalokol akipata msimu mzuri hununua mbuzi, akawapeleka kwa ndugu yake aliye malishoni. Akitaka kuoa, mahari ni mifugo. Ngege hata wajaze mashua hawaingii kwenye hesabu hiyo. Wageni wengi waliokuja kutusaidia hawakulielewa jambo hili. Njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliwasukuma watu ufuoni, wakafundishwa kuvua kwa nyavu. Miaka ya 1970 ikaja misaada ya Norway, na mwisho wake kikajengwa kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda kilidai umeme na maji safi kupita uwezo wa mahali penyewe, kikafanya kazi kwa muda mfupi tu. Katikati ya muongo huo Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki wengi, ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway.

Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mashine zisizofaa. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kudhani kwamba mfugaji akishaonja samaki atasahau mifugo. Wengi walivua ili wapate mbuzi wa kurudi nao malishoni, na wafadhili wakaona huko ni kushindwa. Mimi naona palikuwa na akili. Ghuba ilipokauka, mwenye mbuzi kwa shemeji yake alikuwa na pa kukimbilia, kama waliofilisika walivyoshuka ziwani ukame wa karibu na 1980 ulipofyeka mifugo. Awi, yaani boma la familia, iliyo na mguu mmoja malishoni na mwingine majini ni vigumu kuangushwa na janga moja.

Kwa Wabatak wa Toba, mali hugeuzwa kuwa shule. Wana mashamba ya mpunga, wana nyati wa kufugwa na nguruwe, wana samaki, na ada ya chuo ikidaiwa, cha kuuzwa huuzwa. Akina mama wa Kibatak wanajulikana kote nchini mwao kwa kuchuuza sokoni mpaka mtoto ahitimu. Kijana akimaliza huenda Medan au Jakarta. Hapotei, kwa sababu ukoo wake, yaani marga, humfuata huko. Harusi haiwezi kufanyika bila pande tatu kuwepo: wenzake wa ukoo, ukoo uliowapa mke, na ukoo uliooa kwao. Wenyewe huuita utaratibu huo mafiga matatu, na kila upande una wajibu wake na heshima yake. Mifupa ya mababu inapofukuliwa na kuhamishiwa kaburi jipya, watu wa mjini hurudi kijijini na pesa zao. Sisifu kila kitu. Kisiwani Samosir utakuta makaburi ya saruji yanayozipita nyumba za walio hai, na kijiji ambacho vijana wake wote ni wageni wa likizo kina upweke wake.

Tofauti hii haikutokana na mila peke yake. Kanisa kubwa la Kibatak, HKBP, huhesabu kuzaliwa kwake kuanzia 1861, na shule za misheni zilifuatana nalo. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa chini ya Waingereza, na misheni ya Kikatoliki ilifika Lodwar mwaka 1961. Miaka mia moja ya madarasa hailipwi kwa hotuba, na asiwepo wa kumwambia mzee wa adakar, yaani kundi la maboma yanayochunga pamoja, kwamba alichelewa kwa kupenda.

Maji nayo yana wenyewe wa mbali, huku na huko. Mto Asahan unaotoka Toba uliwekewa mitambo ya umeme miaka ya 1980 kwa ajili ya kiwanda cha alumini cha Inalum kilichoko pwani. Mto Omo wa Ethiopia, unaoleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yetu, una bwawa la Gibe III lililozinduliwa mwaka 2016. Tuliogopa ziwa litanywea. Kisha mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 zikalifurisha, nyumba za ufuoni zikamezwa. Kuhusu bwawa hilo, mtu wa Kalokol hakuulizwa neno.

Na ninapowasikia watu wakitamani vizimba vya Toba vije huku, nawakumbusha Haranggaol. Mei 2016, katika ghuba hiyo ya Toba, vizimba vilisongamana mno, oksijeni ikapungua majini, na zaidi ya tani 1,000 za samaki zikafa kwa siku chache. Familia zilizokuwa zimekopa chakula cha samaki zilibaki na deni na uvundo.

La kuazima kutoka Toba, kwa maoni yangu, liko kwenye mahari. Kule mahari huitwa sinamot, na msichana aliyesoma hutolewa kubwa zaidi. Kuna ubaya wa kumpangia binti bei kwa shahada yake, na Wabatak wenyewe hulalamika kwamba vijana hushindwa kuoa. Hata hivyo mila ile ilipata njia ya kumfanya baba aone faida ya kumwacha binti darasani. Sisi tuna masomo ya chuo kikuu hapa Lodwar, na bado binti anaweza kutolewa shule kwa sababu ng'ombe wamefika nyumbani. Mifugo yetu haina haja ya kuachwa. Wazee wanaoketi kupanga idadi ya ngamia na mbuzi wanaweza kuongeza sharti moja katika kikao hichohicho, kwamba hakuna mnyama anayeingia bomani kabla binti hajamaliza kidato cha nne. Mamlaka ya kulisema wanayo, na hakuna mfadhili anayehitajika.