UNAJIMU: Sayari zikikusanyika, je, mvua ya Mwingi hubadilika?

WACHINA wa kale walizihusisha sayari tano zionekanazo kwa macho na vitu vitano vya asili: Utaridi maji, Zuhura chuma, Mirihi moto, Mshtarii mti na Zohali udongo. Zilipokusanyika upande mmoja wa anga, wanajimu wa ikulu walifasiri kwamba mbingu zimemvua mtawala mmoja madaraka na kumvika mwingine.

Mfano mashuhuri ni wa nasaba ya Han. Historia yake rasmi inasema sayari tano zilikutana mwezi uleule mfalme wa mwisho wa Qin alipojisalimisha kwa Liu Bang, mwasisi wa nasaba hiyo. Hesabu za wanafalaki wa leo zinaonyesha zilikutana Mei 205 KK, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Ishara ilirudishwa nyuma ili ilingane na ushindi.

Imani ya namna hiyo ingali hai ulimwenguni, ila kwa mkulima wa Mwingi, kaunti ya Kitui, swali si la wafalme bali la mvua. Na huko madai yanaweza kupimwa, kwa kuwa Wakamba huipa kila njaa kubwa jina lake. Ile ya 1961 huitwa Yua ya Ndeke, kwa ajili ya ndege zilizoleta chakula.

Mnamo Februari 1962, sayari zote tano, jua na mwezi vilikusanyika pamoja, tena jua likapatwa. Nchini India watu wengi walikesha wakiomba, wakihofia kiama. Lakini nchini Kenya ukame ulikuwa umekwisha kupita, na mafuriko makubwa yaliyoufuata yalianza mwishoni mwa 1961. Maafa yaliitangulia ishara.

Ndivyo ilivyokuwa Mei 2000, sayari hizo zilipokusanyika tena. Mwaka huo Wakenya waligawiwa umeme kwa zamu kwa sababu mabwawa yalipungua maji, lakini mvua zilikuwa zimeanza kukosekana kabla ya 2000.

Chanzo kilikuwa baharini. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya mashariki, kama 1961 na 1997, mvua za Oktoba hadi Desemba hufurika. Bahari ya Pasifiki ikipoa, hali iitwayo La Niña, mara nyingi mvua hizo hupungua. Nguvu ya Zuhura ya kuvuta maji ya bahari, hata sayari hiyo ikiwa karibu nasi kabisa, haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya ile ya mwezi. Na Mei 2000 sayari zote tano zilikuwa ng'ambo ya jua.

Haina maana kwamba kutazama nyota ni upuuzi. Wakulima wa pwani wamefuata Kilimia kwa karne nyingi. Kundi hilo la nyota huonekana mashariki jioni za Novemba, mwezi ambao kwa kawaida Mwingi hupata mvua nyingi kuliko mwingine wowote. Kilimia haileti mvua hiyo. Huonyesha tu kwamba majira yake yamefika, kama kalenda. Ikiwa mvua itatosha, Kilimia haisemi. Naye mkulima wa Mwingi mara nyingi huwa amekwisha kufukia mbegu za mawele na ndengu katika udongo mkavu, akingoja.